Wasafiri Waliokwama Kando ya Mto

1. Mto wa Kindu

Mji wa Kindu umejengwa kwenye ukingo wa magharibi wa mto Lualaba. Mtoto wa Kindu huujua mto kabla ya kujua kusoma. Asubuhi huona akina mama wakivuka kutoka ng'ambo na mihogo, sombe na mawese. Huona wavuvi wa Kigenya wakisimama wima ndani ya mitumbwi yao, wala hawayumbi.

Tena huona jambo jingine. Mashua yenye mota imetoka Kindu kwenda Ubundu, imejaa abiria na mizigo. Njiani mota inakufa, au jiwe linatoboa ubao. Nahodha anaelekeza chombo ukingoni, na watu wote wanashuka. Siku ya kwanza wanacheka na kupika pamoja. Siku ya pili wanaanza kuhesabu chakula. Siku ya tatu wanagombana na nahodha, na kijana mmoja anasema, "Mimi sitangoja. Nipeni mtumbwi, nitakwenda peke yangu."

Je, kijana huyo ni shujaa au ni mpumbavu? Ili kujibu vema, yafaa kujua habari za watu waliopita mto huu huu zamani, wakakwama ukingoni mara nyingi kuliko msafiri yeyote wa leo.

2. Mtumbwi mbovu wa Ikondu

Mnamo Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Nyangwe, soko kubwa la Maniema, kusini ya Kindu. Alikuwa amesafiri tangu Bagamoyo, mwezi wa Novemba 1874. Alitaka kujua jambo moja: je, mto Lualaba unakwenda wapi? Wengine walidhani unaingia katika mto Nili. Wengine walidhani ndio mto Kongo, unaoingia katika bahari ya magharibi. Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa mwaka wa 1871, akashindwa kupata mitumbwi, akarudi. Cameron alifika mwaka wa 1874, naye akashindwa vivyo hivyo.

Stanley hakuwa peke yake. Wengi wa watu wake walikuwa Waungwana kutoka Unguja na pwani: wapagazi, askari, mafundi, na baadhi yao pamoja na wake zao. Watu wa namna hiyo, pamoja na wafanya biashara wa pwani, ndio walioleta Kiswahili Maniema. Ndiyo sababu Kiswahili cha huku kiliitwa Kingwana. Mkubwa wa Waungwana katika safari hiyo aliitwa Manwa Sera. Nahodha wa mashua aliitwa Uledi. Mzungu mwingine mmoja tu alikuwa amebaki hai pamoja na Stanley, kijana Mwingereza aliyeitwa Frank Pocock. Baba yake alikuwa mvuvi, na Frank alizoea mashua tangu utoto.

Mashua yao iliitwa Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza kwa mbao nyepesi. Urefu wake ulikuwa karibu metre 12, nayo ilifunguliwa vipande vitano, ili wapagazi waichukue mabegani. Walipofika mtoni waliviunga vipande, ikawa mashua tena.

Mwanzoni Tippu Tip, mfanya biashara mashuhuri wa pembe na watumwa, aliwasindikiza na watu wake. Wengine walishuka mto kwa mashua, wengine walitembea msituni kando ya mto. Vijiji vingi walivikuta vitupu. Watu wa mto walikuwa wamekwisha kuona misafara yenye bunduki. Walijua kwamba mara nyingi misafara hiyo hukamata watu, nao walikimbia au walipigana. Hatuwezi kuwalaumu.

Mwanzoni mwa Desemba 1876 walifika kijiji kilichoitwa Ikondu. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, mahali hapo si mbali na Kindu ya leo. Huko watu wa mashua walingoja wenzao wa msituni. Nao walipofika walikuwa katika hali mbaya sana. Wengine walikuwa na ndui, wengine kuhara damu, wengine vidonda miguuni. Hawakuweza kutembea zaidi, na mashua haikuwatosha.

Hapo ukingoni palikuwa na mtumbwi mkubwa, wenye matundu, uliotupwa na wenyewe kwa kuwa haufai tena. Mtu mwenye haraka angeupita. Lakini wasafiri hao waliutazama vema, wakaona kwamba ukitengenezwa unaweza kuchukua watu kama 60. Wakaziba matundu yake. Mitumbwi mingine mibovu waliyoiokota njiani waliifunga miwili miwili kwa kamba. Basi mitumbwi iliyotupwa ikawa hospitali juu ya maji, na wagonjwa wakalala ndani yake badala ya kufa njiani.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la safari hiyo, na lilipatikana hapa Maniema: siku za kukaa ukingoni si siku za bure, kama mikono inafanya kazi.

3. Maporomoko ya chini

Mwisho wa Desemba Tippu Tip alirudi na watu wake. Stanley na watu karibu 150 waliendelea na mto. Mwezi wa Januari 1877 walipita maporomoko saba ya Boyoma, hapo ulipo mji wa Kisangani. Kutoka hapo maji ni mapana na tulivu, na mto unaitwa Kongo. Tarehe 12 Machi 1877 walifika mahali mto unapotanuka kama ziwa. Leo mahali hapo panaitwa Malebo, na kandokando yake imesimama miji miwili mikubwa, Kinshasa na Brazzaville.

Sasa walijua kwamba mto unakwenda bahari ya magharibi. Walidhani taabu imekwisha. Kumbe ilikuwa inaanza.

Kati ya Malebo na Matadi mto unashuka zaidi ya metre 250. Unabanwa katikati ya milima, na maji yanapiga mawe kwa ngurumo inayosikika mbali. Kuna maporomoko zaidi ya thelathini. Hakuna chombo kinachoweza kuyapita yote. Penye maji yasiyo makali sana, walifunga kamba za mitambaa ya msituni kwenye mtumbwi, wakaushusha polepole kando ya mawe, watu wakiushika kutoka ukingoni. Penye maji makali kabisa, waliitoa mitumbwi majini, wakatandika matawi na magogo, wakaivuta nchi kavu mpaka chini ya maporomoko.

Kamba zilikatika. Mitumbwi ilipasuka, mingine ilichukuliwa na maji. Mwisho wa Machi mtumbwi mmoja ulivutwa na mkondo, ukaanguka katika maporomoko. Ndani yake alikuwamo Kalulu, kijana aliyemfuata Stanley tangu safari yake ya kwanza na kusoma shule Uingereza. Yeye na wenzake walikufa. Siku za kwenda zikawa chache, na siku za kukaa ukingoni zikawa nyingi.

4. Miti ya Nzabi

Mwezi wa Aprili walifika penye maporomoko yaitwayo Inkisi. Hapakuwa na njia kandokando ya maji. Basi walifanya jambo ambalo wenyeji hawakulisadiki mpaka walipoliona kwa macho: waliivuta mitumbwi yao kupanda mlima. Watu waliosikia habari hizo waliuliza kama mitumbwi hiyo imeota mabawa.

Juu ya mlima waliingia nchi ya Nzabi. Huko palikuwa na msitu wa miti mikubwa, minyofu, isiyo na matawi mpaka juu kabisa. Wasafiri walihesabu mitumbwi yao iliyobaki, wakaona haitoshi. Wangeweza kuwabeba watu wengi mno katika mitumbwi michache, wakajaribu bahati yao. Hawakufanya hivyo. Waliomba ruhusa ya mkuu wa Nzabi, wakaanza kukata miti.

Kuchonga mtumbwi si kazi ya siku moja. Kwanza mti huchaguliwa: usiwe na tundu, usiwe na ufa, usiwe umepinda. Ukishaanguka, matawi hukatwa na gome hutolewa. Kisha mafundi huchonga sehemu ya nje, mbele na nyuma, ili upasue maji vizuri. Baadaye hugeuza gogo na kuanza kulichimba kwa shoka na tezo. Hapo ndipo fundi hujulikana. Akiacha ubavu mnene, mtumbwi utakuwa mzito na mvivu. Akiuchonga mwembamba mno, utapasuka kwenye jiwe la kwanza. Fundi mzuri hugonga ubavu kwa vidole na kusikiliza sauti yake.

Mkubwa wa maseremala aliitwa Salaam Allah. Chini ya uangalizi wake walichonga mtumbwi wa urefu wa zaidi ya metre 16, wakauita Livingstone. Kisha walichonga wa pili, wakauita Stanley. Mitumbwi hiyo ilivutwa kutoka msituni mpaka mtoni kwa kamba na nguvu za mabega. Kazi yote ilichukua siku nyingi. Lakini watu waliofika Nzabi bila vyombo vya kutosha waliondoka na vyombo viwili vipya.

5. Uledi na ushanga

Kukaa mahali pamoja kuna taabu yake. Msafara ulinunua chakula kwa ushanga, nguo na waya. Kila siku ya kungoja, mali ilipungua. Bei ya chakula ilikuwa kubwa, na chakula chenyewe kidogo. Watu walikonda. Mwenye njaa alianza kuiba mihogo mashambani, na mwizi alipokamatwa na wenyeji ilikuwa hatari kwa wote.

Mwezi wa Mei walikuwa mahali paitwapo Mowa. Siku moja iligunduliwa kwamba ushanga umeibwa katika mizigo. Walipotafuta, waliukuta katika vitu vya Uledi, nahodha.

Watu wote walishangaa. Uledi alikuwa mtu mfupi, mwenye alama za ndui usoni, na moyo wake haukujua hofu. Mara kwa mara aliruka majini kuwaokoa wenzake. Zaidi ya watu kumi katika msafara walikuwa hai kwa sababu yake. Lakini ushanga ule haukuwa mapambo. Ulikuwa chakula cha watu wote, nao ndio uliowatenga na njaa.

Stanley aliwakusanya watu, akawauliza afanywe nini. Manwa Sera na wakubwa walijibu kwamba mwizi lazima apigwe, hata akiwa Uledi. Wale waliookolewa na Uledi walisikitika sana. Ndipo Shumari, ndugu yake, alipojitokeza, akaomba apigwe yeye nusu ya viboko. Saywa, jamaa yake mwingine, naye akaomba apewe nusu ya pili. Stanley aliposikia hayo alimwachilia Uledi, wala hakuna aliyepigwa.

Uledi hakusahau siku ile. Tangu hapo aliulinda msafara kama mtu mwenye deni.

6. Frank hakungoja

Frank Pocock alikuwa mtu mpole, mchangamfu, na watu walimpenda. Lakini viatu vyake vilikuwa vimekwisha. Alitembea miguu mitupu juu ya mawe, akapata vidonda, navyo vidonda vikazidi mpaka hakuweza kusimama. Watu walipovuta mitumbwi, yeye alikaa. Walipopanda mlima, yeye alibebwa. Kwa kijana mwenye nguvu hilo ni gumu kuliko njaa.

Tarehe 3 Juni 1877 Stanley alitangulia kwa miguu kwenda Zinga, ili aongee na wakuu wa huko na kutafuta mahali pa kukaa. Aliagiza kwamba Frank atachukuliwa baadaye katika machela kupitia nchi kavu. Frank alipaswa kungoja tu.

Lakini Frank hakutaka kubebwa kama mzigo. Alimwona Uledi na mabaharia wake wakiondoka na mtumbwi, akaingia pamoja nao. Walifika karibu na maporomoko ya Massassa. Uledi aliusogeza mtumbwi ukingoni, akashuka na kwenda kuyatazama maji. Aliporudi alisema wazi kwamba haiwezekani kupita, atakayejaribu atakufa. Shauri lake lilikuwa kungoja mpaka mtumbwi uvutwe nchi kavu.

Frank hakusadiki. Kutoka mahali alipokaa aliona maji meupe kidogo tu, akadhani Uledi anaogopa. Mabaharia walimwambia tena hatari iliyopo. Naye akawadhihaki, akasema kwamba hawana moyo.

Neno hilo liliwachoma. Uledi aliyetoa watu mautini mara nyingi aliambiwa kwamba ni mwoga! Aliwageukia wenzake, akawauliza kama wako tayari. Walikubali, ijapokuwa walijua. Wakasukuma mtumbwi katikati ya mto.

Mara mkondo uliwakamata. Frank alipoona ukubwa wa maji yaliyokuwa mbele yao, alifahamu kosa lake, lakini sasa hapakuwa na njia ya kurudi. Mtumbwi uliingia katika maporomoko, ukazungushwa, ukamezwa na maji, ukatokea tena umepinduka. Walikuwamo watu kumi na mmoja. Wanane waliokoka, na Uledi mmoja wao. Watatu walipotea, na Frank alikuwa mmoja wa hao watatu, naye alikuwa mwogeleaji hodari.

Stanley alikuwa juu ya mawe ya Zinga. Aliuona mtumbwi ukija juu chini, na vichwa vya watu vikiushikilia. Baada ya siku chache mvuvi mmoja aliuona mwili wa Frank ukielea mtoni.

Tuone vema kosa lilikuwa wapi. Frank hakuwa mwovu, wala mvivu, wala mjinga wa mambo ya mashua. Alitaka kufanya kazi. Lakini alikuwa amekwama, na aibu ya kukwama ilimfanya asimsikilize mtu aliyejua maji yale kuliko yeye. Uledi naye alikosa. Alijua kweli, akaiacha kwa sababu ya neno la dharau. Mtu mmoja alishindwa kungoja, mwingine alishindwa kuvumilia kuchekwa. Makosa hayo mawili yalipokutana, watu watatu walikufa.

7. Fundi na mtumbwi wake

Baada ya msiba huo watu walikata tamaa. Baadhi yao walisema heri walime mashamba ya wenyeji kuliko kuufuata mto ule tena. Kundi moja likachukua mizigo yao, likaondoka. Wakubwa wao waliwafuata, wakawasihi, nao wakarudi. Mitumbwi iliyobaki ilipitishwa Massassa polepole, kama Uledi alivyoshauri tangu mwanzo.

Mwezi huo huo wa Juni, penye maporomoko ya Zinga, walikuwa wakiuvuta ule mtumbwi mkubwa Livingstone kwa kamba. Salaam Allah, fundi aliyeuchonga, alikuwa ndani yake. Kamba zikashindwa, mtumbwi ukaanza kuondoka. Wenzake walimpigia kelele aruke. Lakini yeye hakujua kuogelea. Alibaki ndani ya kazi ya mikono yake, na maji yakawachukua wote wawili.

Msomaji ataona kwamba Salaam Allah hakufanya haraka, wala hakumdharau mtu. Alikufa kazini. Basi tusidanganyane: subira haizuii kila msiba. Mto una nguvu, na kamba ni kamba tu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayepatwa na hatari akifanya kazi iliyo lazima, na mtu anayeitafuta hatari kwa kuwa amechoka kukaa.

8. Mwisho wa safari

Mwisho wa Julai walifika Isangila. Huko waliambiwa kwamba bahari si mbali kwa miguu, na kwamba mto una maporomoko mengine mbele. Basi waliiacha Lady Alice juu ya mawe. Mashua iliyotoka Uingereza, ikabebwa kutoka bahari ya Hindi, ikashuka Lualaba kupitia Ikondu, ikabaki hapo ipigwe na jua.

Tarehe 9 Agosti 1877 walifika Boma, wakiwa watu zaidi kidogo ya mia moja, wamekonda kama vijiti. Uledi alikuwa miongoni mwao. Meli iliwapeleka Unguja kwa kuzunguka kusini ya Afrika, nao wakafika kwao mwezi wa Novemba.

Safari hiyo ilifungua njia, lakini njia haikuleta mema tu. Mwaka wa 1885 mfalme Léopold wa pili wa Ubelgiji alijipatia nchi yote ya Kongo, na watu wengi waliteswa katika utawala wake. Waungwana waliovuta mitumbwi hawakuchagua hayo.

Jambo moja walilolionyesha halikusahauliwa: mto Kongo haupitiki wote kwa chombo. Penye maporomoko lazima kushuka na kwenda nchi kavu. Ndiyo sababu reli zilijengwa. Reli ya kutoka Matadi mpaka Malebo, kupita milima ile ile ya Frank na Salaam Allah, ilikwisha mwaka wa 1898, na wafanya kazi wengi walikufa katika kuijenga. Huku juu, reli ya kutoka Kisangani mpaka Ubundu ilifunguliwa mwaka wa 1906, kwa kuwa maporomoko ya Boyoma yanafunga njia. Kutoka Ubundu mpaka Kindu mto unapitika, zaidi ya kilometre 300. Juu ya Kindu maji yanakuwa mabaya tena, na kwa hiyo reli ilijengwa kutoka Kindu, ikafika Kongolo mwaka wa 1910. Hivyo mji wa Kindu ukakua: ni mahali ambapo msafiri anatoka majini na kupanda gari la moshi, au anatoka garini na kushuka majini. Mji wenyewe ni mahali pa kungoja chombo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa mwanzo, ambaye mashua yake imeharibika kati ya Kindu na Ubundu. Anaweza kufanya mambo matatu. Anaweza kukaa chini ya mti na kunung'unika. Anaweza kuchukua mtumbwi wa mtu na kujitupa katika maji asiyoyajua, kama Frank. Au anaweza kumwendea nahodha na kumwuliza, "Baba, nishike wapi?" Atashika ubao wakati fundi anapopiga misumari. Atatafuta kuni. Atagawa chakula bila kuficha. Naye akichekwa na wenzake kwa kuwa anangoja, atacheka pamoja nao, na kuendelea kuziba tundu.

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Tena walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inamfundisha msafiri kungoja, na ya pili inamfundisha kazi ya kufanya wakati anapongoja.

Maneno ya kujifunza

Mkondo: maji ya mto yanayokwenda kwa nguvu upande mmoja.
Tezo: chombo cha chuma chenye mpini, cha kuchongea na kuchimbia mti.
Mitambaa: mimea mirefu ya msituni inayopanda miti, watu huitumia kama kamba.
Machela: kitanda cha nguo au kamba cha kumbebea mgonjwa.
Kudhihaki: kumcheka mtu kwa kumdharau.

Maswali

1. Stanley alitaka kujua nini juu ya mto Lualaba? Nani walijaribu mbele yake, na kwa nini walishindwa?
2. Kwa nini watu wa vijiji vya mtoni walikimbia au walipigana?
3. Mtumbwi mbovu wa Ikondu ulifanywa kitu gani? Eleza faida yake.
4. Fundi anayechonga mtumbwi huogopa makosa gani mawili?
5. Kwa nini kuiba ushanga lilikuwa kosa kubwa huko Mowa? Shumari na Saywa walifanya nini?
6. Frank alikosa nini? Uledi alikosa nini? Kosa lipi lilikuwa zito zaidi? Toa sababu.
7. Kifo cha Salaam Allah na kifo cha Frank vinatofautiana namna gani?
8. Chora mto kutoka Kongolo mpaka Kisangani. Onyesha mahali pa mashua na mahali pa reli.
9. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani habari za safari ya mtoni ambayo chombo kiliharibika. Andika alivyosema, na walivyofanya walipokuwa wakingoja.